Mpaka Mashua ya Mwisho Iingie

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepewa kazi! Mjomba Pontiani ameingia asubuhi bila hata kubisha hodi, akasema ukoo umeamua: diskuru, yaani hotuba ya kumuaga Baba, nitaiandika mimi. Kwa sababu mimi ni mwalimu na shule zimefungwa. Mwalimu akiwa likizo basi amekuwa kiti cha bure, kila apitaye aketi.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kuganduka. Mwaka umetimia tangu Baba aingie ziwani, sasa ni kumaliza matanga: misa, hotuba, chakula, Mama avue kitambaa cheusi, kila mtu arudi kwenye maisha yake. Safari hii hata polisi wanakuja. Komiseri anataka kumpa Baba heshima zake ufukweni mbele ya watu, na cheti ndani ya fremu. Miaka yote hiyo Rumonge, Baba aliajiriwa polisi, akalinda ufukwe, akapanda mpaka brigadie, akaishia hapo hapo. Sasa ndiyo wamemkumbuka. Haya.

Mjomba ameniachia na maelekezo: niandike kwamba alikuwa mwadilifu. Nikamwambia kila polisi aliyekufa ni mwadilifu, hata wale tuliowajua. Akacheka — halafu akaziba mdomo, akageuka kuangalia dirishani, upande wa ziwa. Kama anaogopa kusikika. Na nani?

Sitaki kuiandika. Nitaiandika kwa sababu moja tu: nataka Mama aketi. Tangu Baba apotee hajaketi asubuhi hata moja. Jua halijatoka yeye yuko ufukweni, pale pale aliposimama Baba, anatazama maji. Chai hanywi. Amebaki mifupa na macho. Nikimwambia, Mama, keti, ananijibu kwamba mashua ya mwisho haijaingia. Kuganduka kukipita labda atakubali kuwa imekwisha. Asipokubali, mwakani nitamzika na yeye. Ndiyo ukweli.

Jumatano, 14 Agosti

Nimezunguka tangu jana kuuliza watu habari za Baba. Nilidhani nitapata mistari miwili mitatu. Daftari la shule limejaa!

Mwamini, muuza ndagala, kanishika mkono kabla sijamaliza kueleza nimefuata nini. "Afande alikuwa mutu, mwalimu. Mutoto wangu wa kwanza nilizalia kwa posti yake ya polisi. Yeye iko kwa mulango, ananipa mugongo, anafukuza wanaume na kirungu."

Kuna aliyeibiwa wavu na kuna aliyeuiba, wote wawili wamenisimulia kisa kimoja, kila mmoja akijipendelea. Baba hakumpeleka mwizi popote. Aliwaketisha mwizi na mwenye wavu kwenye mchanga washone pamoja matundu, mpaka jioni, na mwenye wavu ndiye aliyetoa chakula. Siku hizi ni makumpe, marafiki wa kushibana, wanagombana kila wiki.

Na Samy mlevi! "Alinifunga mara mingi. Lakini kila mara, hata kabla sijakaa chini, anatuma mutu kwa bibi yangu: Samy iko kwangu, usimutafute, lala." Nikamwuliza kwa nini. Akasema ilikuwa sheria ya afande. Mtu akipatikana, wa kwanza kuambiwa ni yule anayemtafuta. Si komiseri, si padri. Alikuwa anakasirika sana wakiisahau.

Hii nilikuwa siijui. Nimeishi naye nyumba moja maisha yangu yote!

Niandike na ninayoyajua mimi. Jioni alizisindikiza mashua zikitoka na taa zao, asubuhi akazipokea. Filimbi yake ilikuwa na maneno. Ndefu moja: upepo unageuka, rudini. Fupi mbili: nimekuona, ingia. Ya mwisho ikishaingia ndipo alipokuja nyumbani, na akifika kwenye kona ya jirani yetu Sabine, penye vichanja vya kuanikia ndagala, alipuliza fupi mbili. Hapo Mama aliweka maji motoni. Kabla ya hapo Baba hakugusa chai. Hata akiwa na homa, hata Noeli. Sisi mezani, yeye kule kwenye mchanga. Mimi nimekua nikinywa chai na mgongo wake.

Na alivyokufa: Agosti iliyopita upepo wa milimani ulishuka ghafla. Mashua zote zikarudi isipokuwa ya Lukeba, Mkongomani wa Magara. Kulipopambazuka Baba akachukua boti ndogo ya injini, peke yake, maana vijana walitaka kwanza upepo utulie. Hatujamwona tena. Si yeye, si boti. Na Lukeba? Upepo ulimsukuma mpaka ng'ambo, Kongo, akalala kwa shemeji yake, akala, akashiba, siku chache baadaye akarudi mzima na watu wake wote! Kwenye matanga hakutia mguu. Ninasikia amehamia Gitaza. Nikimkumbuka ninapanga matusi.

Jambo moja la ajabu. Wote hawa, wakimaliza kusimulia, wanashusha sauti na kuuliza neno lile lile. "Na mama yenu, anaisikia?" Nikiuliza anasikia nini, wanageuza maneno. Mwamini alianza kupanga upya samaki waliokuwa wamepangwa vizuri.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Misa ndefu, joto, moshi wa mashamba umefunika ziwa, ng'ambo haionekani kabisa.

Mchana nilimkuta Sabine nyuma ya jiko letu, ameshika kiuno, anautazama mgomba. Mgomba wa Baba. Mwili haukupatikana, na makaburini walikataa, kibali ni cha maiti tu. Kwa hiyo tulizika mgomba badala yake, hapa nyumbani, umevikwa sare yake ya pili, vifungo vyote vimefungwa. Padri alijifanya haoni. Mjomba Pontiani ndiye aliyeukata na kuuleta.

Umeota. Siandiki jipya, umeota tangu masika, nilidhani ni chipukizi la jirani. Leo ni mrefu kunizidi, na una mkungu.

Sabine hakuficha. "Kwetu Baraka, kule Kongo, mutu akipotea kwa maji tunazika mugomba, njo vile. Lakini tunakata juu, mizizi inabakia kwa shamba. Ile munazika inapashwa kuoza. Ikioza, mutu naye anaenda. Sasa nyie mulizika na mizizi!"

Nikamwita Mjomba. Kajitetea mpaka jasho likamtoka. Yeye amekulia uhamishoni Tanzania, kambini, huko watu walizikwa na miili yao, nani angemfundisha kuzika mgomba? Aliona mgomba wenye mizizi ni mzuri zaidi, una heshima, kuliko kigogo kilichokatwa. Ni kweli, hata mimi ningefanya vile vile. Tulicheka kidogo, wote watatu. Kisha tukaacha, kwa sababu Mama alikuwa mlangoni, na sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

Alichota maji akaumwagilia.

Jumamosi, 17 Agosti

Diskuru: nimefuta "mwadilifu" mara nyingine tena. Komisaria, kituoni kwa polisi, wameniletea karatasi ya kazi zake, alianza lini, alihamishwa wapi. Hakuhamishwa. Walimtaka Bujumbura, akakataa, na hapo wameandika tu "sababu binafsi". Sababu binafsi ni mashua za watu!

Kichwa kinauma. Ndizi zimeanza kunenepa.

Jumatatu, 19 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Mwezi ni mkubwa. Siku hizi za mwezi mkubwa hakuna anayetoka kuvua, taa hazivuti samaki, mashua zote ziko juu ya mchanga zimefunikwa. Ziwa tupu. Kwa hiyo asubuhi nilimfuata Mama ufukweni nimwambie wazi: Mama, leo unangoja nini, hakuna hata moja iliyotoka.

Kulikuwa kumekucha. Weupe tu, moshi na ukungu, maji yametulia kabisa. Mama alikuwa amesimama na viatu mkononi. Nilifika karibu, nikafungua mdomo.

Filimbi. Ndefu. Kutoka ndani, mbali, huko kwenye weupe.

Niliangalia mashua. Zote zilikuwepo. Ikalia tena — upande wa kaskazini zaidi, kama anayetembea nayo anakwenda taratibu akitafuta. Ndefu. Rudini. Ndege wale weupe waliokuwa juu ya maji waliondoka wote kwa pamoja, kimya, hakuna hata mmoja aliyelia.

Mama hakushtuka. Aliniangalia kwa huruma, mimi! Kama mtoto aliyeonyeshwa jambo la wakubwa kabla ya wakati wake. Akasema leo yuko Magara, kesho atapanda tena hadi Gitaza, ndivyo anavyozunguka.

Nimerudi nyumbani, nimefunga dirisha la upande wa ziwa. Nina umri wa kutosha, nina diploma. Filimbi zinauzwa sokoni, mtu yeyote anaweza kununua.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekwenda komisaria nikiwa nimejaa upepo. Nani anachezea filimbi ziwani, anamtesa mjane? Wa zamu alikuwa Meshaki, polisi kijana aliyefundishwa kazi na Baba. Aliniacha nimalize. Kisha akavuta droo.

Filimbi zote zilikuwa humo, zimefungwa pamoja kwa kamba.

"Tumeziacha tangu mwezi wa sita, mwalimu. Ukipuliza kwa pwani, kule nako inajibu. Komiseri hajui. Murakoze, asante kutomwambia."

Ni yeye basi aliyekataa kuondoka na Baba siku ile, yeye na wenzake. Hakujificha. Alisema walimwambia angoje kidogo, na yeye akawajibu, wanangoja wale walioko majini?

Nimerudi kwa Mama. Nilimkuta anachambua mchele wa Jumamosi, amesimama, mchele uko juu ya pipa. Nikamwambia yote, mpaka droo. Nikalia. Nikamwambia Baba amekufa, Mama, na wewe unajua.

Akaacha mchele.

"Elda, mwanangu. Mimi sijasema hajafa. Amekufa, mke hawezi kukosa kujua. Nimesema hajaambiwa."

"Hajaambiwa nini?"

"Kwamba Lukeba alirudi."

Aliendelea na mchele wake. Alisema sisi sote tumemlilia, tumemwombea misa, sasa tunataka kumpa na fremu, na hakuna hata mmoja aliyefanya kile ambacho yeye angekifanya kwanza. Na mimi siwezi kumwambia, wala yeye Mama hawezi. Baba alikuwa haamini habari za kuambiwa na mtu wa tatu. Alitaka kumwona aliyepatikana.

Alhamisi, 22 Agosti

Gitaza. Nimekwenda kwa pikipiki, ziwa kushoto kwangu njia nzima, nikajilazimisha kutoliangalia.

Nilikuwa na matusi tayari. Nimeyapanga tangu mwaka jana, mengine kwa Kirundi, mengine kwa Kifaransa, ili asikose hata moja.

Lukeba hakai tena ufukweni. Wamenionyesha juu, ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda kinachotazama mlima. Alikuwa anashona nyavu za wengine, ameligeuzia ziwa mgongo. Nilimwamkia, amahoro, mara mbili, hakugeuka. Nikazunguka mbele yake. Ana pamba masikioni! Pamba nyeusi kwa uchafu, imesukumwa ndani kwa nguvu. Aliponiona alijua mimi ni nani, nina sura ya Baba. Wavu ukamwanguka.

Akachomoa pamba ya upande mmoja tu. "Ulikuya kunishitaki, mama?"

Mzee mzima ananiita mama. Matusi yangu yakapungua.

Nikamwambia habari ya filimbi. Sikumaliza. "Minaisikiaka kila asubuhi," akasema. "Hata na hii pamba. Ndefu, ndefu. Rudi, rudi. Na miye nilisharudi! Nilisharudi tangu mwaka jana!"

"Ulimwambia nani?"

"Nimuambie nani? Nilifika, banasema afande alikufa sababu yako. Mutu akikufa anakutafuta, ukijionyesha kwa maji, anakukamata. Njo banasema. Bibi yangu alikataa nikuye kwa matanga. Niko mwoga, mama. Niko mwoga kabisa."

Alikuwa analia bila kujifuta. Nilitegemea kumwona mtu aliyeshiba na kusahau. Huyu hajalala tangu mwaka jana. Nilimhurumia, na nilichukia kumhurumia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikamsomea sheria ya Baba kama alivyonipa Samy. Nikamwambia Jumamosi aje, asimame ufukweni, aseme. Kwa ajili ya Mama. Sikusema kwa ajili ya nani mwingine.

Hakuahidi. Alirudisha pamba sikioni, akaniinamia kwa heshima kama mtu anayeaga maiti.

Ijumaa, 23 Agosti

Turubai zimesimama, sufuria zimeazimwa, kuku wamefungwa miguu. Mjomba alitaka kuukata mgomba kabla wageni hawajauona, panga mkononi kabisa. Mama akamwambia auache, mwenyewe hajaondoka. Mjomba akaliweka panga chini polepole, kama limekuwa moto.

Diskuru nimeimaliza. Hakuna "mwadilifu" hata moja. Nimeweka posti ya Mwamini, wavu, Samy, sheria ya mtafutaji. Nimeweka na chai, fupi mbili kwenye kona, maji motoni. Nilisita kuweka chai, hiyo ni ya nyumbani. Lakini bila chai siyo Baba.

Jumamosi, 24 Agosti

Saa kumi inakaribia. Wageni wengi wameshaondoka. Niko chumba cha mbele, mezani, ninaandika haraka maana nataka leo ikae kama ilivyokuwa.

Misa nzuri. Halafu wote ufukweni, joto, weupe ule ule juu ya maji. Polisi wamenyooka safu, komiseri akatoa fremu, Mama akaipokea kwa mikono miwili na kumpa Mjomba bila kuitazama. Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo mwanzoni, ikakua. Kwenye Samy watu walicheka, Samy mwenyewe akasimama kupiga saluti. Niliposoma sheria ya Baba, kwamba wa kwanza kuambiwa ni anayetafuta, polisi vijana waliangalia chini. Kwenye chai niliona wanawake wanajifuta.

Kisha apeli, kuitwa majina. Ndivyo kikosi cha hapa kinavyomuaga mtu: anaitwa kama kwenye apeli ya asubuhi, kwa mara ya mwisho, na hakuna anayejibu. Komiseri akaita: "Brigadie Niyonkuru, Fabiano!"

Kimya. Hata watoto.

Ndefu. Kutoka ziwani. Mchana kweupe, mbele ya kata nzima!

Komiseri aligeuka kuwatazama vijana wake, na wote wakanyoosha mikono mitupu. Mwamini alipiga magoti. Ikalia tena, ndefu, na nikaona watu wanaanza kurudi nyuma, kila mmoja akimkanyaga mwenzake, na Mama peke yake anakwenda mbele.

Hapo akatoka Lukeba. Alikuwa nyuma ya wauza ndagala, sijui tangu saa ngapi, kajifunika kitenge cha mkewe kichwani. Akampita Mama. Akaingia majini na viatu, mpaka magotini. Akachomoa pamba zote mbili akazitupa.

"Afande Fabiano! Ni miye Lukeba! Nilirudi! Bote tulirudi, hakuna alibaki! Niangalie! Usinitafute tena!"

Akangoja. Hakuna kilichomkamata. Filimbi haikulia. Nikasikia mwili wangu wote unashuka, kama nilikuwa nimebeba mzigo bila kujua. Angeishia hapo!

Lakini ni mtu mwema, Lukeba. Alitaka kuongeza la kumfurahisha. Alikuwa amenisikiliza vizuri nikisoma. Akakusanya mikono mdomoni:

"Kuya nyumbani, afande! Mama anakungojea na chai!"

Sabine alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Baadaye, tukipakua wali, ndipo aliponinong'oneza kwamba mfu anaambiwa apumzike, anaambiwa aende salama. Haitwi nyumbani. Nani anamwita mfu nyumbani?

Nilimwambia asiniharibie siku. Kwa sababu Mama ameketi! Amevua kitambaa cheusi, ameketi kwenye kiti chini ya turubai, mikono mapajani, kala wali na nyama, kanywa Fanta yote. Lukeba kaketi karibu yake, wanaongea habari za shemeji wa ng'ambo. Komiseri kaondoka na vijana wake kwenye lori, mwendo wa haraka. Watu walicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Lakini Mama ameketi, na hicho ndicho nilichokitaka. Nilijificha stoo nikalia kwa furaha.

Mgomba umeanguka. Hakuna aliyeugusa, hakuna upepo. Tulipokuwa ufukweni. Mjomba kaenda kuangalia shimo pale ulipong'oka, karudi, kanawa mikono muda mrefu na sabuni. Aliniuliza tu: ile sare tuliizika kweli, Elda? Nikasema wewe mwenyewe ulifunga vifungo. Akasema ndiyo, alifikiri hivyo hivyo. Amekwenda kwake bila kuaga.

Nimeacha kidogo kuandika. Nilidhani nimesikia kitu.

Lukeba naye ameondoka, kwa barabara ya juu. Sabine yuko uani anaosha sahani. Jua bado lipo, linaingia mpaka mezani hapa. Kila kitu kimetulia.

Fupi mbili.

Haitoki ziwani. Inatoka kwenye kona, penye vichanja vya Sabine. Mbwa wa Sabine humbwekea kila mtu, hata mwenye nyumba. Habweki.

Sahani imevunjika uani. Sabine anasali kwa sauti.

Mama ameinuka. Nilimwona akipita hapa, amenyooka, hatua nyepesi, kama zamani. Ameweka maji motoni. Ninasikia anapuliza makaa. Anaimba! Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anaimba. Ananiuliza kikombe cha Baba kiko wapi, kile cha bati chenye ua. Nimemjibu kiko rafu ya juu. Nimemjibu tu, kama kila siku.

Kuna viatu kwenye kokoto. Vizito. Vinasimama, vinakwenda. Kama vya mtu aliyelowa.

Mama anasema: "Elda, mfungulie baba yako."

Mimi ndiye niliye karibu na mlango.